Hesabu ya Shingo

Jirani yangu Dobi alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Ukimsikia akizungumza hutajua, maana lugha ni ile ile. Ila akifurahi sana, maneno yake hupanda juu mwishoni kama mtu anayekwea ngazi, na hapo ndipo wateja humwuliza, "Kwani wewe wa wapi?" Yeye hucheka, hunyunyiza maji kwenye shati, na kujibu, "Wa hapa hapa kwenye meza ya pasi."

Kazi hiyo aliijua tangu ujana wake. Alifua na kupiga pasi kwenye hoteli moja kubwa huko kwao, chumba cha chini kabisa, mahali ambapo mvuke hauondoki na jua haliingii. Siku moja jokofu kubwa la jikoni liliharibika, akaitwa fundi kutoka huku kwetu. Fundi alilirekebisha, akatoka na shati lililolowa mpaka kwapani. Dobi akamwambia avue, akalikausha kwa pasi palepale. Fundi husema tangu siku ile shati lilimkaa vizuri lakini moyo ulimkaa vibaya, hautulii. Akarudi kulikagua lile jokofu mara nne, na halikuwa na ugonjwa wowote. Mara ya tano akaja na wazee wa kuposa.

Huyo fundi ndiye sote tunayemwita Baridi. Kwanza kwa sababu ya majokofu, pili kwa sababu hana hasira. Ukimtukana anakuuliza kama umekula.

Wakafungua duka la dobi kwenye mtaa wetu, katikati ya kibanda changu cha viatu na duka la Miwani, mzee mmoja mwuza miwani aliyetoka nchi ndogo ya kisiwani, ambayo mpaka leo sijaiona kwenye ramani bila kuonyeshwa. Duka la Dobi ni chumba kirefu chenye meza mbili za pasi, kamba za henga hadi ukutani, harufu ya wanga na pamba ya moto, runinga juu ya rafu, na ubao mweusi wa bei mlangoni. Mimi jina langu la mtaani ni Kisigino. Muda mwingi nipo kwake kuliko kwangu, maana kwake kuna runinga na kwangu kuna gundi.

Sasa, mama yake Baridi alipofanyiwa upasuaji wa goti akaja kukaa nao. Mama huyo alifundisha michezo shule za wasichana maisha yake yote, na kila mwisho wa juma alikuwa mwamuzi wa mpira wa pete. Watu waliomfahamu wanamwita Mama Filimbi. Mgongo umenyooka kama ufagio mpya, na akikutazama unajikuta unachomekea shati. Nyumbani peke yake alichoka, hivyo kila asubuhi Baridi alimleta dukani, akamweka kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mguu juu ya kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelala salama?"

"Salama, mama."

Basi. Mazungumzo yao ya siku nzima ndiyo hayo. Haukuwa ugomvi, Dobi alimheshimu mkwewe, na Mama Filimbi hakuwahi kumsema vibaya mke wa mwanawe hata kwa jirani. Walikuwa kama nguo mbili kwenye henga moja. Zinagusana, lakini kila moja ina mwenyewe.

Ndipo yakaja mashindano ya nchi zote za upande wetu wa dunia. Kuogelea, riadha, kunyanyua vitu vizito, mipira ya kila aina. Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa mlangoni kwa Dobi nashona kandambili, yeye anapiga pasi shati jeupe la meneja wa benki. Kwenye runinga wasichana wanane wakapanda juu ya vibao vya kurukia, na mmoja alikuwa wa kwao Dobi, binti mwembamba mwenye mikono mirefu hadi magotini. Wakaruka. Katikati ya bwawa yule binti akawa wa tatu, akawa wa pili...

"Vuta!" Dobi akapiga kelele. "Vuta, mdogo wangu! Vuta hayo maji!"

Binti akagusa ukuta wa kwanza. Dobi akaruka, akazunguka chumba kizima akipiga vigelegele, henga zikagongana, Miwani akaja mbio akidhani kuna moto. Na moto ulikuwepo kweli.

"Pasi!" Mama Filimbi alisimama kwa mguu mmoja. "Pasi, wewe! Pasi!"

Moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye shati la meneja. Mama Filimbi akairuka ile hatua moja kama kijana, akainyakua pasi. Kwenye mkia wa shati ilibaki alama ya kahawia, mfano wa kwato. Wote tukalitazama.

"Huo mkia," Mama Filimbi akasema taratibu, "huwa anauchomekea?"

"Siku zote, mama."

"Basi hajaona kitu."

Wakaangaliana, na Dobi akacheka hadi akakaa chini. Nilimwona Mama Filimbi akiuma midomo asicheke, na akashindwa.

Jioni hiyo Dobi alifuta bei za kufua kwenye ubao, akachora safu tatu za dhahabu, fedha na shaba. Juu kabisa akaandika KWA DOBI, chini yake KWA MAMA. Nchi nyingine hakuzijali. Yule binti wa kuogelea, ambaye sisi tulishambatiza Samaki, alikuwa amechukua dhahabu ya pili. Wetu walikuwa na dhahabu moja, fedha tatu na shaba nne.

Asubuhi Mama Filimbi alifika, akausoma ule ubao kwa muda mrefu.

"Nani kaandika hivi?"

"Mimi, mama. Ndivyo wanavyopanga kwenye runinga. Mwenye dhahabu nyingi anakaa juu."

"Mbili ziko juu ya nane?"

"Mbili za dhahabu, mama."

"Mwanangu, medali ni medali. Aliyepata shaba hakuiokota njiani. Mtu ameshinda dunia nzima isipokuwa wawili, halafu wewe unamhesabu kama hakuja?" Akachukua chaki, akafuta, akaandika KWA MAMA juu. Akarudi kukaa, ameupandisha mguu wake juu ya kigoda kama malkia.

Dobi akavuta pumzi. Nilidhani atanyamaza kama kawaida yake.

"Kwa hiyo, mama," akasema, "mtu akifunga bao moja na mwenzake akapiga mlingoti mara saba, ameshinda wa mlingoti?"

Mama Filimbi akageuka polepole, na macho yake yakawaka kwa furaha, kama mtu aliyekaa miaka mingi bila kupata mpinzani wa kucheza naye bao.

"Aa," akasema. "Kumbe unazungumza."

Tangu hapo duka halikuwa duka tena. Kila anayewahi asubuhi ndiye anayepanga ubao. Dobi akaanza kutoka nyumbani mapema. Mama Filimbi, ambaye daktari alimwambia atembee kidogo kidogo, akaanza kutembea kubwa kubwa ili amwahi. Wateja walileta nguo wasizohitaji kufuliwa. Mmoja alileta pazia, kesho yake akaleta lile lile. Ukiingia unaulizwa kwanza, "Dhahabu au jumla?" Jibu lako ndilo linaloamua nguo zako zitatoka lini.

"Na wewe Kisigino, upande gani?"

"Mimi upande wa soli," nikajibu, nikakimbia.

Miwani alikuja na lake siku nchi yake ilipopata shaba moja, ya kurusha mkuki. Mzee aliingia mbio kwa furaha, miwani yake imepanda kwenye paji la uso.

"Tupeni chaki," akasema. "Sisi ndio wa kwanza."

"Kwa shaba moja?" tukasema wote.

"Kwa shaba moja! Nyinyi mko milioni ngapi? Kwa Dobi milioni ishirini, kwa Mama milioni thelathini. Medali moja yenu inagawanywa kwa watu zaidi ya milioni, kila mmoja anapata vumbi. Sisi tuko elfu sitini. Mtu akipiga chafya upande mmoja wa nchi, upande wa pili wanamwombea afya. Gawanyeni mwone!"

Tukagawanya. Mzee alikuwa sahihi, alituacha mbali kabisa. Dobi akapiga makofi, akamwandika juu kwa herufi kubwa, na kwa asubuhi ile moja Mama Filimbi hakubisha, ila alimwambia, "Leo nakupa. Kesho usizoee."

Lakini Samaki aliendelea kuvuna. Ilipobaki siku moja ya mashindano, binti huyo peke yake alikuwa na dhahabu sita. Kwa Dobi kulikuwa na dhahabu tisa, fedha nne na shaba tatu. Kwa Mama kulikuwa na dhahabu sita, fedha kumi na moja na shaba kumi na mbili. Hapo Mama Filimbi akatoa silaha ambayo hatukuitegemea.

"Nimekaa nikafikiri," alisema, na alipofikiri mtaa mzima ulijua. "Samaki ameshuka majini mara sita, akapewa sita. Hongera zake, sina wivu na mtoto wa mtu. Lakini wale vijana wetu wa voliboli, kumi na wawili, wameruka mpaka magoti yamevimba, wakapewa fedha. Kwenye ubao inaandikwa moja. Moja! Wa mpira wa miguu, kumi na wanane, shaba. Moja! Kwani medali inavaliwa na bendera? Inavaliwa na shingo. Basi tuhesabu shingo."

"Shingo?" Dobi akaweka pasi wima.

"Shingo. Kwako, medali kumi na sita zimening'inia kwenye shingo kumi na moja. Kwetu, medali ishirini na tisa ziko kwenye shingo sitini na tatu. Nchi ya michezo ni ile inayotoa jasho la wengi."

Wateja wakapiga kelele. Mimi mwenyewe nilisimama. Dobi akajishika kiuno. Akabaki akimtazama mkwewe kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, kama anavyotazama shati lililopigwa pasi na mtu mwingine vizuri kuliko yeye.

Baridi, maskini, ndiye aliyetaka suluhu. Mchana ule alikuja na bisibisi mfukoni na hesabu kichwani.

"Jamani, tutumie alama. Dhahabu alama tatu, fedha mbili, shaba moja. Kila mtu anapata haki yake." Akahesabu. Kwa mkewe thelathini na nane; kwa mama yake hamsini na mbili.

"Dhahabu ni fedha na nusu tu?" Dobi akauliza. "Mume wangu, siku ile uliponiposa ulitaka wa kwanza au wa pili na nusu?"

Baridi akaenda zake. Saa ya chai akarudi, uso unang'aa. "Nimepata! Dhahabu kumi, fedha tatu, shaba moja. Angalieni." Akaandika polepole. Kwa Dobi: tisini, na kumi na mbili, na tatu. Mia moja na tano. Kwa Mama: sitini, na thelathini na tatu, na kumi na mbili. Mia moja na tano.

Akatandaza mikono. Hakuna aliyempigia makofi.

"Umepika," mama yake akasema.

"Mama, nimehesabu tu!"

"Amepika," Dobi akadakia. "Amejaribu namba zote mpaka akapata inayomwokoa."

"Basi," Baridi akasema, jasho likimtoka, jambo geni kwake, "kwa nini tusijumlishe? Nyumba ni moja. Zenu na zetu pamoja, dhahabu kumi na tano, tunazishinda nchi zote kwa njia yoyote mnayotaka."

"Mwizi!" wanawake wote wawili wakasema kwa sauti moja, kisha wakatazamana kwa mshangao. Lilikuwa neno la kwanza kulitamka pamoja tangu mashindano yaanze. Mimi na Miwani tulimtoa Baridi nje, tukamnunulia soda.

Siku ya mwisho kulibaki mchezo mmoja uliotuhusu, na ungeandikwa na nani kama si Mungu mwenyewe? Fainali ya mpira wa pete kwa wanawake, nchi yao na nchi yetu.

Duka lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye mabeseni. Dobi hakuwasha pasi. Alisema hawezi kuwa na moto sehemu mbili. Alisimama nyuma ya kiti cha mkwewe, mikono imeshika mgongo wa kiti. Mchezo ulianza, bao kwa bao, hakuna aliyeachana na mwenzake. Nilikuwa nawatazama wale wawili zaidi ya runinga, na nikaona kitu. Kila mfungaji wa nchi yao alipoinua mpira, vidole vya Dobi vilifunguka na kiganja chake kikapinda, kama vile mpira ulikuwa mkononi mwake.

Mama Filimbi naye alihisi kiti kikitikisika. Hakugeuka.

"Anakosea," Dobi alinong'ona. "Anarusha kwa mkono. Apinde magoti, mpira utoke miguuni."

"Umesema nini?"

"Hamna, mama."

"Umesema mpira utoke miguuni. Nani kakufundisha hivyo?"

"Mwalimu wetu. Nilikuwa mfungaji. Shule, halafu timu ya hoteli."

Mama Filimbi aligeuza shingo yake yote, fainali au si fainali. "Miaka kumi na miwili umekuwa mke wa mwanangu. Miaka kumi na miwili! Mfungaji yuko nyumbani kwangu, na mimi naongea na ukuta?"

"Hukuniuliza, mama."

"Na wewe hukusema!"

"Ningeanzia wapi? Shikamoo mama, mimi mfungaji?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka, lakini Mama Filimbi hakucheka. Akamshika mkono, akamvuta mpaka akaketi kwenye kigoda, pale mguu ulipokuwa, na mguu wenyewe akauweka chini. "Kaa hapa. Niambie unaona nini. Mimi najua kuamua; kufunga sikuwahi kujua."

Basi robo ya mwisho tuliisikiliza kutoka kwao wawili, tukamsahau mtangazaji. Mmoja alisema nani atapewa mpira, mwingine nani anakaribia kukosea. Arobaini na tano kwa arobaini na tano. Arobaini na sita kwa sita. Arobaini na saba kwa saba. Zikabaki sekunde chache, mpira uko kwa mfungaji wao, chini ya pete yetu kabisa. Mlinzi wetu, binti mrefu kuliko mlango, akanyoosha mikono mbele yake. Mfungaji akarusha, mpira ukagonga chuma, ukatoka!

Duka lililipuka. Tulikumbatiana. Na katikati ya kelele zile nikasikia sauti moja kali ikisema, "Hapana! Amesogea! Penalti!"

Ilikuwa ya Mama Filimbi.

"Mama!" Baridi akalia. "Huyo ni wetu!"

"Wetu nini? Amesogea! Mguu umeingia, hakuacha nafasi! Mnamwona? Penalti!"

Kwenye runinga mwamuzi alikuwa ameinua mkono vilevile. Penalti. Muda ulikwisha, lakini lile tupio lilikuwa halali. Mlinzi wetu akasogezwa pembeni. Mfungaji akavuta pumzi, akapinda magoti.

"Miguu," Dobi akanong'ona.

"Miguu," Mama Filimbi akaitikia, na sidhani kama alijua amesema nini.

Mpira ukapita katikati ya pete bila kugusa hata chuma.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua Dobi alilia na kucheka pamoja, kwamba Miwani alipiga vigelegele kwa sauti ya mzee wa miaka sabini, kwamba watu wetu walilalamika kidogo kisha wakacheza tu, maana furaha ikizidi haiulizi ya nani. Mama Filimbi alisimama kwa miguu yake yote miwili, akamkumbatia mkwewe, akamwambia sikioni jambo ambalo sikulisikia. Kisha akachukua chaki.

"Dhahabu, mmeshinda," akasema, akiandika. "Jumla, tumeshinda sisi. Shingo, mmeongeza kumi na mbili, nasi kumi na mbili, bado tuko mbele. Mwanangu Baridi, zile alama zako zimeharibika, nenda kapike nyingine."

Hapo hapo simu ya Dobi ikalia. Alikuwa mama yake mzazi, kutoka ng'ambo. Sauti ilikuwa kubwa hivi kwamba hata sisi wa mlangoni tulisikia ile ngazi ya maneno, yanapanda, yanapanda. Mama Filimbi akanyoosha mkono.

"Nipe."

Dobi akampa simu. Wale wazazi wawili walikuwa wameongea mara moja tu, siku ya harusi, tena kuhusu mvua.

"Haloo, mzazi mwenzangu? Hongera. Hongera sana, mmecheza vizuri, na penalti ilikuwa halali, nimeiona mwenyewe. Lakini sasa tuelewane kuhusu hesabu." Akasikiliza. Nyusi zikapanda. "Nini? Wewe unahesabu wanawake peke yao?" Akafunika simu kwa kiganja, akatugeukia, ameduwaa. "Anasema wanaume watolewe, kila nchi ipangwe kwa medali za mabinti zake tu. Anasema mengine yote ni porojo." Akairudisha simu sikioni. "Mzazi mwenzangu, hilo sijawahi kulifikiria. Subiri, usikate, nivute kiti."

Waliongea mpaka salio la kule likaisha, Baridi akatumwa mbio kununua la kumpigia. Siku ya pili waliongea tena, na ya tatu. Daktari alipomruhusu kusafiri, Mama Filimbi alimwambia Dobi afunge duka wiki moja ampeleke kwao, kwa sababu kuna mambo, alisema, hayamaliziki kwenye simu. Dobi alinipigia baada ya siku mbili kuniuliza kama meneja wa benki amekuja kuchukua nguo zake alizoniachia.

"Amekuja," nikamwambia. "Wazee wanaendeleaje?"

Nyuma yake nilisikia sauti mbili za kina mama zikipandana, moja imenyooka, nyingine inakwea.

"Wameshatupanga kama ule ubao wa medali," Dobi akasema, na ya kwake nayo ikapanda juu mwishoni. "Mimi na mume wangu na ndugu zangu wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Niombee, Kisigino, sasa wanabishana njia ya kuhesabu!"